Tangi Likiwa Tupu

Darasa zima lilimwita Mama Mkono, na halikumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa mwisho, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, na kila alichopewa kukokotoa alikikokotoa kwa mkono: karatasi, penseli, rula, na kikokotoo ambacho saba yake ilishafutika kwa kubonyezwa. Wenzake walikuwa vijana wa kuzaliwa juzi. Wao walichora jengo kwenye skrini, wakalipakia mizigo, wakaiachia programu iwatafutie jibu, kisha wakaenda kunywa soda. Mama Mkono aliwaona wavivu, nao walimwona mzee. Hakuna upande uliokosea sana.

Chuki yake na kompyuta ilikuwa na chanzo. Mwaka uliotangulia aliwasilisha mradi uliotoka kwenye programu hiyohiyo ukiwa umepambwa rangi, nyekundu hapa, bluu pale. Mwalimu wa miundo akamuuliza kwa nini upau wa katikati ni mwekundu. Akajibu kwamba ndivyo programu ilivyoupaka. Mwalimu huyo wanafunzi walimpa jina la Msumeno, maana alikata mbele na nyuma. "Picha nzuri hii, mama," alimwambia mbele ya watu. "Kaitundike sebuleni." Akamrudisha mwaka. Na kanuni ya chuo haikuwa na mzaha: ukianguka mradi mara ya pili, unafungasha virago.

Kufungasha virago kulikuwa na maana ya kurudi kukaa chini ya wifi yake. Mume alifanya kazi mbali, kwa hiyo dada wa mume ndiye aliyeshika nyumba, ndiye aliyemtazama mtoto mchana, na ndiye aliyehakikisha kila mgeni analijua hilo kabla hajakaribishwa kiti. Meza ya jikoni ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila ilipoyumba, wifi aliguna. "Mhandisi wetu. Minara ataiweza, meza tunaiwekea gazeti." Mama Mkono angeweza kuitengeneza meza ile kabla chai haijapoa. Hakuitengeneza makusudi, asije akaonekana ametumwa.

Basi Msumeno, ama kwa bahati mbaya ama kwa roho mbaya, alimpanga na kijana waliyemwita Bonyeza, maana kazi yake yote ilikuwa kubonyeza kompyuta. Huyu alikuwa bora kuliko wote darasani, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Shahada ya daraja la kwanza ilikuwa inamsubiri mlangoni. Alipousoma ubao wa matangazo na kuliona jina la mwenzake, alicheka kicheko cha puani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, nimepewa bibi wa kulea."

"Ungelelewa ungekuwa na adabu," Mama Mkono alimjibu. Ndivyo walivyofahamiana.

Mradi wenyewe ulikuwa mnara wa chuma wa kubeba tangi la maji, wenye miguu minne iliyosimama juu ya msingi wa zege. Sharti la Msumeno lilikuwa moja: kila kundi likokotoe mara mbili, mara kwa mkono na mara kwa programu, na majibu yakubaliane. "Yasipokubaliana," alisema, "mje mniambie nani mwongo."

Waligawana kazi kama waliotalikiana wanavyogawana vyombo. Mama kwa mkono, kijana kwa kompyuta, na katika chumba cha kompyuta walikaa wamepeana migongo. Majibu ya kwanza yalipishana vibaya.

"Umekosea mahali, mama. Kompyuta haikosei."

"Kompyuta haijui kitu. Inakujibu ulichoiuliza. Umeiambia miguu imeshikwaje pale chini?"

Kijana alitazama, akarekebisha bila kuomba radhi. Alikuwa ameiambia programu kwamba miguu imezamishwa ndani ya zege, wakati mchoro unaonyesha imekaa juu yake tu kwa boliti fupi. Furaha ya Mama Mkono haikudumu. Siku iliyofuata Bonyeza aligundua kwamba karatasi za mama hazikuwa na uzito wa ngazi wala wa jukwaa la fundi, akalitangaza kosa hilo chumba kizima kikasikia.

Baada ya hapo hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwa jina la siku. Wanafunzi wana ufundi wao unaoitwa kupika: unachungulia jibu kwanza, halafu unalitafutia njia ya kulifikia. Kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ni mpishi. Mwishowe wakakubaliana kumaliza kila mtu kivyake, kisha waweke karatasi mezani kifudifudi na kuzigeuza kwa pamoja kama wacheza karata. Katika hesabu zao wote wawili walilijaza tangi maji mpaka mdomoni, wakaliwekea na upepo, maana nani asiyejua kwamba mzigo mkubwa ndio hatari? Wakageuza. Namba zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyetabasamu. Kila mmoja aliondoka akijua kwamba aliyethibitishwa ni yeye.

Ripoti ikachapwa, ikakabidhiwa. Asubuhi ya kuwasilisha walisimama kwenye korido nje ya chumba cha Msumeno wakigombania nani aanze kusema. Bonyeza alitaka aseme yeye tangu mwanzo hadi mwisho.

"Wewe ukianza kueleza mahesabu yako, mwalimu atasinzia," alisema. "Niachie. Mimi najua kuongea."

"Hilo nalijua. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Mimi debe tupu? Basi usihangaike nalo. Si upepo utalibeba?"

Mama Mkono alifungua kinywa amrudishie, na jibu lilikuwepo, tena kali. Lakini neno upepo lilimnasa. Alimtazama kijana kana kwamba amemtemea mate, kisha akachomoa kalamu na kuanza kuandika kiganjani. Upepo ni uleule. Lakini maji yakiisha, ule uzito wote unaoikandamiza miguu chini umekwenda. Kinachobaki ni bati na chuma. Aliandika, akafuta kwa mate, akaandika tena. Mguu wa upande unakotoka upepo ulikuwa unanyanyuka, na zile boliti fupi ziliwekwa ili miguu isiteleze tu, si kuizuia isiinuke.

"Tangi likiwa tupu mnara unaanguka," alisema polepole.

Bonyeza aliangalia kile kiganja. Alikuwa mjeuri, hakuwa mjinga. Rangi ilimbadilika, akageuka kuangalia kama kuna mtu anasikia.

"Nyamaza," alinong'ona. "Imeshachapwa. Hata mwalimu hajaliona. Ukilisema wewe ndiye unayefukuzwa, siyo mimi."

Hapo hakusema uongo. Wakaitwa.

Bonyeza aliongea vizuri, hilo lazima apewe. Msumeno alisikiliza huku akifunua ripoti, akilinganisha ukurasa wa mkono na ukurasa wa kompyuta, kidole huku, kidole kule. Akafika mwisho. "Zinakubaliana," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sifa ya mwaka. Akafungua kifuniko cha kalamu.

Mama Mkono aliiona kalamu inashuka. Alimwona wifi yake, aliiona meza, aliliona gazeti lililokunjwa chini ya mguu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza hakuhitaji elimu. Tusidanganyane, kilichomfumbua mdomo hakikuwa uadilifu peke yake. Alikuwa na hasira. Alishindwa kuvumilia kukubaliana na Bonyeza katika kosa.

"Mwalimu, namba zinakubaliana lakini mnara unaanguka."

Kalamu ilisimama. "Unaanguka lini?"

"Tangi likiwa tupu, siku ya upepo. Hatukulikokotoa likiwa tupu. Wote wawili."

"Mwalimu, huyu mama ana wasiwasi tu, mwaka jana..." Bonyeza alianza.

"Wewe fungua kompyuta. Ondoa maji. Mama, nenda ubaoni, na usigeuke nyuma."

Chaki ilikwaruza ubao na vidole viligonga vibonye. Mama Mkono alipiga mstari chini ya jibu. Msumeno alilisoma, akaenda kuinama juu ya bega la kijana, akasoma la pale. Kwenye skrini mguu mmoja wa mnara ulikuwa umeinuka juu ya msingi, mwekundu, na safari hii rangi ilikuwa na maana.

"Mkikubaliana kwenye kosa mnakubaliana, mkikubaliana kwenye kweli mnakubaliana," alisema Msumeno. "Sasa nitawaaminije? Dawa yake nini?"

"Msingi mzito zaidi, na boliti ndefu zenye kulabu ndani ya zege," alisema Bonyeza bila kumwangalia mtu.

"Ndivyo," alisema Mama Mkono, na neno hilo lilimtoka kama jino.

Msumeno aliandika kwenye ripoti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mngekuja na hili likiwa limechapwa, ningewapa alama za kutosha. Mmekuja nalo kiganjani. Alama ya kupita, wala si moja zaidi. Wote wawili sawa."

Kwa Mama Mkono ile alama ilikuwa uhai. Hakufukuzwa. Kwa Bonyeza ilikuwa shimo: ilimshusha wastani, na lile daraja la kwanza lililomsubiri mlangoni likaondoka zake. Walipotoka koridoni macho ya kijana yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha.

"Wanasema mchuma janga hula na wa kwao," alimwambia. "Mimi wa kwenu tangu lini?"

Mama Mkono alikumbatia karatasi zake akaondoka. Alirudi nyumbani, akachukua msumeno wa mumewe, akaipunguza miguu mitatu ya meza hadi ikalingana na ule mfupi. Wifi aliisukuma meza kwa mkono, haikuyumba. "Nani kakutuma?" aliuliza kwa uchungu.

Miaka imepita. Siku hizi Mama Mkono anakagua michoro katika ofisi ya vibali vya ujenzi, na vijana wanaoleta kazi zao humwogopa kama alivyoogopwa Msumeno. Bonyeza ana kampuni yake. Wakikutana ngazini, kijana, ambaye sasa ana kitambi na mvi, hutazama ukuta mpaka mama apite. Hajamsamehe, na mama hajaomba msamaha, kwa kuwa angeulizwa leo angefumbua mdomo vilevile.

Lakini kila mara mchoro wa mnara unapoingia ukiwa na muhuri wa kampuni ile, Mama Mkono huuvuta yeye mwenyewe kabla wengine hawajaugusa, na huanza kuutafutia kosa kwa hamu isiyopendeza. Kila mara kosa hulikosa. Ukurasa wa kwanza kabisa wa hesabu, kabla ya maji, kabla ya ngazi, kabla ya kitu kingine chochote, kichwa chake ni kilekile: tangi likiwa tupu. Na chini yake hakuna karatasi ya kompyuta. Hesabu zake zimekokotolewa kwa mkono.