Nazarsho na Gari Linalokumbuka

Nazarsho alikuwa na miaka sitini na mbili, na thelathini na mitano kati ya hiyo aliimaliza akibeba abiria baina ya Khorog na Murghab, huko juu kwenye milima ya Pamir. Jipu lake kuukuu alilijua lote kwa kugusa tu. Rejeta ikitoboka aliiziba kwa sabuni. Siku feni belti ilipokatika alifunga soksi ndefu ya mkewe mahali pake, wakafika salama. Madereva wenzake walimwita Daktari.

Kisha wanawe walioko Moscow wakamnunulia gari la kisasa. Alipofungua boneti alikuta mfuniko mweusi wa plastiki, laini kama sinia. Akalizunguka asubuhi nzima, asione pa kupitisha spana.

Oktoba, akiwa na abiria watano, alikuwa akipanda mlima wa Koitezek, mara taa ya manjano ikawaka na gari likaanza kujikongoja. Akanyage mafuta asikanyage, mwendo ulikuwa ule ule wa punda. Akasimama, akafungua boneti, akabaki anaitazama ile plastiki.

"Daktari, mgonjwa anasemaje?" aliuliza abiria mmoja, Nekbakht, mwanamke wa makamo anayetengeneza simu sokoni Murghab.

"Kaninunia." Masikio yalimwaka kwa aibu.

"Basi niachie nimbembeleze, mjomba."

Akatoa mkobani kidude kidogo kama kiberiti, akakichomeka chini ya usukani, akasoma kwenye simu yake.

"Linasema halipimi hewa sawasawa. Sensa, kile kipimio chake, ina kasoro. Tena imeanza kilomita mia tatu na sitini nyuma."

Nazarsho akahesabu njia kichwani: kupanda kutoka Khorog, na kabla ya hapo kushuka kutoka... Akakumbuka. Alhamisi, karibu na Alichur, baada ya upepo wa vumbi, alihisi gari linahema kwa shida. Hakumwambia mtu. Alidhani ni uzee wake mwenyewe.

"Nililisikia," alisema polepole. "Siku ile ile nililisikia! Kumbe nalo liliandika?"

"Liliandika. Haya, sensa yenyewe iko wapi? Mimi ni fundi simu, hapo usiniulize."

Nazarsho akang'oa plastiki, akalifuata bomba la hewa kwa vidole mpaka akaipata. Ndani yake mlikuwa na waya mwembamba kuliko unywele, umevaa vumbi. Kitu hicho ndicho kilichokuwa kikipima pumzi za injini nzima mlimani! Akakiosha kwa spiriti ya sanduku la dawa, akasubiri kikauke. Nekbakht akafuta lile kosa kwa simu yake. Gari likanguruma.

Nazarsho hakuondoka. Alisimama, kiganja juu ya boneti.

"Twende, mjomba, tutaganda!"

"Ngojeni kidogo. Ndiyo kwanza tunajuana."

Murghab walifika jua lingalipo. Abiria wengine wakatawanyika. Yeye akamfuata Nekbakht hadi kibandani kwake sokoni, akavaa miwani, akaketi.

"Nifundishe kulisoma," alisema, na chai aliyokaribishwa, ya maziwa na chumvi kama desturi ya huko, ikapoa mezani bila kuguswa.