Mama Sponji na Kadi ya Kijivu

Mtaa mzima ulimwita Mama Sponji, naye hakulikataa jina hilo, maana lilitokana na jasho lake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefufua makochi ya watu: yaliyobonyea, yaliyochanika, yaliyokaliwa na wajomba wazito kupita kiasi. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya stepla, na hata akijipamba vipi hakukosa uzi kichwani.

Mwaka huo alitaka jambo moja tu. Kitindamimba wake, aliyeondoka na begi moja na ufadhili wa masomo, angehitimu udaktari wa mifugo ng'ambo mwezi wa kumi na moja. Mahafali ya watoto wawili wa kwanza, nao waliosoma mbali, aliyaona kwenye simu, picha zikikwamakwama, kwa sababu nauli ya ndege ilimshinda. Ya huyu aliapa kuyaona kwa macho yake.

Mdogo wake wa kiume, muuza simu ambaye ukimuuliza saa atakueleza saa zinavyotengenezwa, ndiye aliyemletea habari za kadi za mkopo zenye zawadi. Unanunua vitu vyako kwa kadi, benki inakulipia, wewe unairudishia mwisho wa mwezi, na kila ununuzi unakuletea pointi. Pointi zikijaa, unapanda ndege. Mama Sponji akauliza benki inafaidika na nini. Mdogo wake akamjibu kwamba hilo halimhusu.

"Mezani nisipojua chakula ni kipi," alisema Mama Sponji, "basi chakula ni mimi."

Walikwenda benki pamoja. Mhudumu, binti mpole mwenye miwani, aliwatandazia vipeperushi viwili. Kimoja kilikuwa na picha ya ndege na kadi ya rangi ya dhahabu, na muuza simu akameza mate. Mhudumu alieleza kwamba mwenye kadi hiyo hupewa rundo la pointi za kukaribishwa, na kwenye uwanja wa ndege hupumzika katika ukumbi wa makochi ya ngozi.

"Ngozi ya ng'ombe au ya plastiki?" aliuliza Mama Sponji. Binti akakiri kwamba hajawahi kuingia.

Fundi makochi hapimi kochi kwa kitambaa. Hulipindua miguu juu, akachana nguo ya chini, akatazama mbao na springi, kwa kuwa uongo wote wa kochi umefichwa huko. Basi Mama Sponji alikipindua kile kipeperushi, akasoma maandishi madogo ya nyuma huku kidole kikifuata mstari. Kulikuwa na ada nzito ya kila mwaka. Pointi za kukaribishwa zilitaka mtu atumie ndani ya miezi mitatu fedha ambazo yeye hazitumii kwa mwaka. Na ndege zenyewe ni za shirika moja, ambalo halitui kwenye mji wa binti yake.

Kisha kidole kikasimama. "Hapa pana kima."

"Kima cha chini," alisema mhudumu. Akaeleza kwamba si lazima kulipa deni lote kila mwezi. Unaweza kulipa kima cha chini, na linalobaki likangoja, kwa riba. Muuza simu akadakia kwamba huo ndio utamu wenyewe.

"Wewe, kima wa juu ya mti anakutazama tu," dada yake alimwambia. "Wa chini ndiye anayemaliza shamba."

Mhudumu alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia akasogeza kipeperushi cha pili, cha kadi ya kijivu isiyo na ada, inayorudisha fedha taslimu: tatu kwa kila mia kwenye maduka ya vifaa na vitambaa. Mama Sponji akakipindua nacho. Akatia sahihi. Njia nzima mdogo wake alinung'unika kwamba wamefuata ndege, wametoka na baiskeli.

Sheria yake ilikuwa moja: hagusi kadi kabla mteja hajatoa malipo ya awali ya kutosha vifaa. Fedha hizo aliziweka kando, na siku ya kulipa alilipa yote. Mwezi wa saba ilikuja kazi kubwa kuliko zote, viti mia mbili vya hoteli, lakini meneja hakutaka kutanguliza chochote. Muuza simu alimsihi anunue kwa kadi, alipe kima cha chini, kazi isiponyoke. Mama Sponji hakununua hata mita moja. Siku tatu meneja alinuna. Ya nne akaleta fedha, kwa kuwa mafundi wengine walikuwa wamemharibia viti vya mfano.

Zawadi za kadi zililipa tiketi ya kwenda. Faida ya viti ikalipa ya kurudi.

Ukumbini mtu alitangaza, kwa lugha ambayo Mama Sponji haijui, kwamba makofi yasubiri mpaka mwisho. Hata angeielewa, ingekuwa kazi bure. Jina la mwanawe lilipoitwa alisimama juu ya kiti na kupiga kigelegele kirefu, watu mia tano wakageuka. Kule jukwaani daktari mpya aliganda, kisha akacheka huku machozi yakimtoka, akampungia mama yake kwa mikono miwili. Mkuu wa chuo, cheti mkononi, akabaki akimngoja.