Jina la Mbwa wa Mskoti

Mwaka wa 1953, nikiwa na miaka kumi na sita, baba yangu alikufa na shida ikaanza. Ndugu zake walichukua ng'ombe, wakachukua na shamba. Mama walimwachia kibanda cha jikoni, wakawa wanampa chakula kidogo, tena kwa kunung'unika. Shule nilikuwa nimefika darasa la pili, kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza. Nilipanda lori la makaa kutoka Ukambani hadi Nairobi, nikaenda kwa mjomba wangu, Shauri Moyo. Akanipa nafasi sakafuni, upande wa pili wa pazia. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nipate chumba, nimtoe mama kule.

Mjomba alikuwa nyapara kwenye yadi ya mbao ya Mskoti mmoja, huko Viwandani. Aliniingiza kazi ya kubeba mbao. Ilikuwa miaka ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau, na kila mzungu alikuwa anatafuta bunduki au mbwa. Mskoti bunduki alikuwa nayo, akaongeza mbwa. Mbwa mwenyewe mweusi, kichwa kama debe. Akisimama na kukuwekea miguu mabegani, anakutazama kutoka juu. Asubuhi alikuja na Mskoti kwenye gari, jioni akarudi naye. Wakienda kupeleka mbao, mbwa aliketi kiti cha mbele, mjomba nyuma, juu ya mbao. Mpishi wa Mskoti alituambia kwamba usiku mbwa hulala ndani kwenye zulia, na nyama yake hununuliwa buchari.

Wapagazi walimkimbia. Mimi sikumkimbia, na si kwa ushujaa. Niliona kwamba anayemlisha huipitia sufuria ya chakula chake kwanza, na mifupa mingine ilikuwa na nyama. Ninaliandika hilo kama lilivyokuwa. Tulikula pamoja, mimi na yeye, nyuma ya rundo la mbao, na haikuchukua muda akawa ananisikia mimi kuliko bwana wake.

Nyuma ya yadi kulikuwa na banda lenye sakafu ya simenti na mlango wa kufunga. Mskoti akasema nitapewa mimi, kama mtunzaji wa mbwa, ila mbwa kwanza apate jina. Aliyemuuzia alikuwa amempa jina la Kiingereza, na Mskoti hakulitaka. Alitaka jina la kwao, la ile lugha ya zamani ya wazee wake, ambayo alisema Waingereza waliikuta wakaidharau. Alisema mbwa mwenye nguvu namna hii hawezi kuitwa kama paka. Siku moja wakati wa chai alinitajia majina kwa Kiswahili chake cha jikoni. Fergus, huyo ni mwanamume mwenye nguvu. Bran, huyo ni kunguru. Dugal, huyo ni mgeni mweusi. Nichague mimi, hayo au lingine lolote la kwao nililowahi kumsikia akilitaja, maana mimi ndiye nitakayeliita kutwa. Jumamosi nimpe jibu.

Dugal nililikataa moyoni papo hapo. Mgeni mweusi mjini Nairobi nilikuwa mimi, na kipande changu cha kitambulisho mfukoni.

Sasa, kwetu jina halitafutwi kwa maana yake. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake mzaa baba, na siku hiyo huyo mzee amerudi nyumbani. Kumpa mbwa jina la mtu ni tusi la kupigiwa fimbo. Hayo yote niliyajua. Lakini nilimwangalia huyu mbwa anayeketi mbele, anayelala kwenye zulia, na Mskoti hana mtoto. Nikaona, kwa wazungu huyu si mbwa kama tunavyojua mbwa sisi. Huyu ni mtoto, na mtoto huitwa kwa babu yake. Mskoti alikuwa amenisimulia habari za baba yake marehemu, pande la mtu aliyebeba mawe bandarini kwao, na jina lake lilikuwa la ile lugha ya zamani. Alipolitaja, alivua kofia. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nilihesabu kwamba nikilitaja atafurahi hadi machozi, na banda ni langu.

Nilimweleza mzee mmoja Mswahili, muuza chai wa Pumwani. Huyo hakunikubali ndani ya mkahawa na ile harufu ya mbwa. Chai alinipa mlangoni, kwenye kikombe changu mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nikamuulize mjomba kwanza. Sikuuliza. Nilijiona nimeshawajua wazungu.

Jumamosi saa sita wote tulikuwa kwenye foleni ya mshahara, na mke wa Mskoti alikuwepo. Mskoti akaniita mbele aniulize nimechagua nini. Nikashika mnyororo, nikasimama wima, nikalitaja jina la baba yake. Nikaongeza kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe, kwamba huyu sasa ni babu amerudi.

Mke wake alianza kucheka, akaacha. Mskoti akawa mwekundu mpaka shingoni. Nyuma yangu mpagazi mmoja asiyejua kufunga mdomo akamwinamia mbwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, babu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mjomba akaja mbio, kofia mkononi.

"Msamehe, bwana. Huyu ni mshamba. Hajui tofauti ya mbwa na mtu."

Hapo ndipo nilipochomwa moyo. Nikasema kabla sijafikiri.

"Mjomba, yeye anaketi mbele, wewe unaketi nyuma juu ya mbao. Ningejuaje?"

Kicheko kilikatika. Mjomba hakunitazama tena siku ile, wala hakunitazama sawasawa mpaka alipokufa. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu aliowasimamia. Nikiikumbuka ile kofia mkononi mwake, uso unapata moto hata sasa, mzee mzima.

Mskoti hakunifukuza. Angenifukuza ningepona. Alisema polepole kwamba mbwa ataitwa Dugal, yamekwisha. Kwamba kuanzia leo hapandi gari wala halali nyumbani kwake. Atakaa yadi: usiku azunguke, mchana alale bandani, asipigwe na jua. Na mimi nikae humo humo nimtunze.

Hivyo ndivyo nilivyopata chumba. Nikamleta mama.

Kwetu kijana aliyekwisha kuwa mwanamume halali chumba kimoja na mama yake, kwa hiyo mama alilala ndani, mimi nikalala nje chini ya mabati, juu ya maranda ya mbao. Usiku haukuwa na taabu. Taabu ilikuwa mchana. Siku moja nilitoka kwenye msumeno nikamkuta mama ameketi juani juu ya kipande cha ubao, leso kichwani, mgongo ameuelekeza mlangoni. Ndani, juu ya mkeka wake, Dugal amejinyoosha. Nikamuuliza mbona amekaa juani. Hakujibu kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, nataka kujua tu. Huyu ndiye mwenye nyumba, au ni mpangaji mwenzetu?"

Wapagazi walisikia. Yule wa mdomo akasema, "Mama, kodi mpe babu." Wakacheka, na mama akacheka nao kidogo, ili mimi nisiaibike. Hicho kicheko chake ndicho kilichonimaliza. Nilimtoa kwenye kibanda cha mashemeji nikamleta mjini angoje mbwa aamke.

Nilimtoa mbwa, nikamfunga kwenye nguzo, nikaukunja mkeka. Alinifuata mpaka mnyororo ukamrudisha. Yeye hakuwa na kosa. Mjomba nilimwambia naondoka, akasema niende.

Tulitembea na mama hadi Pumwani. Mzee wa chai alimtazama mama. Akasema chumba kipo uani, lakini mimi nikaoge kwanza, na kila palipoguswa na mate ya mbwa paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake ilivyoagiza. Mama akashika birika, akanimiminia maji, mwanamume mzima, wapangaji wakitazama. Niliona haya tena, ila hiyo niliweza kuibeba. Alipomaliza aliingia ndani, akafunga mlango, akalala hadi jioni. Mimi nikawa nalala mkahawani, juu ya benchi, na mchana nauza vipande vya mbao Gikomba.

Leo nina duka la mbao hapo hapo Gikomba. Nina misumeno miwili ya umeme. Nina vyumba kumi vya kupangisha Mukuru kwa Njenga. Nina shamba Ukambani, eka sita, na kaburi la mama liko humo. Nina nyumba ya mawe, ng'ombe watano, na pikapu moja ambayo haiwaki mpaka isukumwe. Mbwa sina.