Protini Zilizonihamisha Chumbani

Ashukuriwe Mwenyezi Mungu, aliyetuwekea ndani ya damu askari tusiowaona, akatupa na subira ya kungoja majibu ya vipimo vyao.

Viungo vyangu vilivimba hata nikashindwa kupiga magoti kanisani. Hapa Muleba walinitoa damu, wakaipeleka mbali ikapimwe protini za kinga. Majibu yaliporudi, daktari aliniambia zimepungua, nije kesho anieleze vizuri kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.

Nimefundisha dini miaka mingi, nimezoea kupanga maneno kwa ufasaha. Mke wangu aliponiuliza wamesemaje, nikamjibu, "Nina upungufu wa kinga mwilini."

Akaweka chini sahani ya ndizi. Hakuna mtu mzima Kagera asiyejua kwamba hicho ni kirefu cha ukimwi.

"Kumbe kule Goziba ulikuwa unasalisha nani?" Huwa navuka kwenda kisiwani kuwaongoza wavuvi katika sala. "Na mimi nakufungia chakula cha safari, kumbe nawalisha wake wenzangu!"

"Mama, ni mambo ya protini."

"Ana jina zuri huyo Protini. Mwambie akupikie."

Godoro langu likahamia sebuleni, chini ya picha ya Familia Takatifu.

Asubuhi tulikwenda hospitali pamoja, yeye mbele, mimi nachechemea nyuma. Alikataa kiti. Daktari, binti wa umri wa wajukuu zetu, akamwambia, "Bibi, ukimwi tulipima kwanza. Babu hana. Hizi ni protini za damu zinazosaidia kinga kupigana na vijidudu. Tunadhani zimepungua kwa sababu zinatumika kwa wingi: kinga yake imechanganya adui na ndugu, inashambulia viungo vyake mwenyewe. Tutapima na figo, kisha tuanze dawa."

"Kwa hiyo inampiga asiye na kosa?"

"Hasa, bibi."

Nikamtazama mke wangu. Yeye akatazama dirishani.

"Nimwongezee maharage?" akauliza, sauti imeshuka.

"Maharage ni mazuri, lakini protini hizi mwili huzitengeneza wenyewe."

Tulipotoka nje alinishika mkono, akasema, "Baba, nimekusamehe."

"Umenisamehe nini? Si umesikia sina kosa?"

"Nimeshakusamehe. Usianze tena."

Jioni godoro lilirudi chumbani.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie damu tulivu, magoti mepesi, na mwenzi mwepesi wa kusamehe, hata yale ambayo hukuyatenda.