Nilimwitikia Paka Abee

Wewe, umeshawahi kuitwa na kitu usichokiona, ukaitika?

Mimi nimeitika. Cheka tu, maana hata mimi leo nacheka mpaka kanga inadondoka. Lakini siku zile, mwanangu, sikucheka.

Tulikuwa hukuhuku juu Vudee. Ile miaka mibaya ya maduka matupu ilikuwa inaishaisha, ruksa ya biashara imeingia, kila mwenye miguu kageuka mfanyabiashara. Binti yangu akaniambia, "Mama, nikikaa hapa na tangawizi nitazeeka na gauni moja. Nashuka Mwanga nikauze mitumba. Niangalizie mtoto." Nikabaki na mjukuu, kasichana kadogo kanaongea kama redio, na nikabaki na paka.

Paka alikuwa wa binti yangu. Jioni alikuwa anampakata, anamkuna shingo, anamhadithia habari za watu kama shoga yake. Sasa kaondoka, na mimi paka nilimjua kwa kazi moja. Mahindi yako darini juu ya moto, panya wapo, basi akamate. Nimsemeshe nini?

Siku moja nimeinama napepeta mahindi ya makande, mgongo nimeupa mlango. Nikasikia nyuma yangu, "Mamaa!" Sauti nyembamba, ya kudai. Nikajibu, "Abee!"

Kimya.

Nikageuka. Paka. Kakaa kizingitini, mkia kauzungushia miguu, ananitazama machoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Moyo ukafanya puu! Maana mama yangu alinifundisha hivi: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Mtu atarudia kukuita. Kisichokuwa mtu hakirudii, kinachukua ile abee yako kinaondoka nayo. Na sisi ni watu wa Sabato, hayo tunasema hatuyaamini. Hatuyaamini, lakini tunayafuata vizuri sana.

Tangu siku hiyo paka hakunipa nafasi. Niko jikoni, "Mamaa!" Nachuma majani ya maboga, huku nyuma, "Mamaa!" Na ulimi ukishazoea hauulizi kichwa, najikuta nimeshaitika. Akisikia abee, mkia juu, anakuja kujisugua miguuni.

Nikajikaza, nikanyamaza. Weee! Ndiyo akazidi. Akalala ndani ya ungo, juu ya mahindi yangu. Akatia mkono kwenye kikombe cha chai cha mume wangu. Nikamgeuzia mgongo. Akapanda mezani, akaanza kuisukuma chimni ya taa, polepole, huku ananitazama mimi. Chimni, enzi zile, kitu cha kupata kwa kujuana! Paa! Chini.

Mume wangu akamtupia kandambili. Paka akairukia, akalala chali nayo, anaipiga mateke.

"Unaona?" mzee akasema. "Huyu anataka mchezo."

"Mchezo gani? Huyu ananiita!"

"Basi nenda, mama. Ukifika utusalimie." Akacheka peke yake.

Jirani yangu hakucheka. Alikuja kuomba moto, akamkuta paka yuko mlangoni anaita. Akanishika mkono. "Dada, hujamwitikia lakini?"

"Nimemwitikia."

"Mara moja?"

"Ningekuwa nimeishia mara moja ningekuwa nalia hivi?"

Akashika kiuno. "Uuu! Anayemwita mkubwa hamtaki mkubwa, dada. Anapitia kwako kumfikia mdogo. Mtoto wako yuko wapi?"

Mtoto alikuwa kitandani, ana homa. Zahanati walitupa dawa nusu, nyingine tungoje gari lilete. Tukachungulia. Paka kumbe ameshatupita, amelala juu ya kifua cha mjukuu wangu, macho kayafumba nusu.

Mtoto wa watu, niliyeachiwa niangalie!

"Mtie kwenye gunia," jirani akanong'ona. "Lori la tangawizi linashuka Same mchana huu, likamwache huko tambarare. Na mpaka liondoke, usiitikie sauti yoyote. Umenisikia? Yoyote."

Nikamtia. Nikafunga kwa kamba ya mgomba, nikaliegemeza gunia karibu na mlango. Jirani akaenda kumwahi dereva. Mzee alikuwa kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa zamu yetu ya maji. Nikabaki peke yangu na gunia linacheza.

Ndipo nikasikia, "Bii-bi."

Haikuwa Mamaa. Ilikuwa Bibi, imetamkwa. Nikaliangalia gunia. Likatulia. "Bii-bi!" Yesu wangu, nikasema, amejifunza kusema! Nikajifunika kanga kichwani, nikakimbilia migombani, nikaziba masikio, natetemeka, nasali sala zimechanganyika.

Nilipozibua masikio, honi ya lori inalia barabarani. Nikarudi ndani. Gunia limelala chini, tupu. Nikaenda kitandani. Kitanda kitupu. Shuka limelowa jasho.

Hapo sikumwogopa tena paka. Nikaliogopa lile bwawa. Lilikuwa limejaa, na mtoto ana homa, hajui aendako. Nikatoka napiga kelele namwita jina lake. Hakuna anayeitika. Unajua ubaya wa kuita usiitikiwe? Nikasikia nyuma ya jiko, "Mamaa!" Halafu kasauti kadogo kakajibu, "Abee!"

Miguu ikagoma. Nikaiambia, twende, kama ni kuchukuliwa tuchukuliwe wote.

Nikamkuta amekaa juu ya kuni, jasho linamtiririka, kata ya maji mkononi, paka mapajani. Nikamshika paji la uso. Homa imeshuka.

"Bibi, nilikuita nataka maji. Hukuitika."

"Nilidhani ni paka."

"Paka anasema Bibi?"

"Mimi nitajuaje anachosema!"

"Anasema Mama tu. Mama akiwepo anamwambia abee kila siku, halafu anamkuna hapa." Akamkuna shingoni, paka akaanza kukoroma. "Sasa anaita, Mama hayupo, na wewe umemfunga. Nikamfungua."

Basi, mwanangu, nikakaa palepale kwenye kuni nikalia. Kumbe ni hilo tu. Lori likapiga honi, likapiga tena, likashuka na tangawizi zake. Jirani akarudi anahema, "Paka yuko wapi?" Nikamwambia, "Anapakatwa." Hakunisemesha mpaka Sabato iliyofuata.

Jioni ile nikajaribu. Paka hajaita, mimi nikamwita kwanza, nikamkuna, nikamhadithia bei ya sabuni. Akasikiliza, akalala. Ungo wangu ukapona.

Lakini pale kwenye kuni mjukuu wangu aliona bado natetemeka. Akaweka kata chini, akanishika mashavu kwa mikono yake iliyolowa. Leo ni mama mwenye watoto wake, na akinipigia simu bado anaanza na neno lile aliloniahidi pale:

"Usiogope, Bibi. Kuanzia leo nikikuita nitasema kabisa: Bibi, ni mimi, siyo paka."