Kisu Changu cha Kukunja

Harufu ya katani mbichi bado hunirudisha Jumatano ile, saa kumi jioni, sokoni Zombe. Nilikuwa na haya hata ya kuuliza bei, lakini nilijaribu visu vitatu vya kukunja kwenye uzi wa kiondo nilichokuwa nikisuka. Cha kwanza kilitafuna uzi. Cha pili kililegea kwenye bawaba. Cha tatu, chenye mpini wa pembe, kilikata mara moja, kisha kikajifunga, ta!

Muuzaji akacheka. "Wee msichana, kwani unaenda kuchunga ng'ombe?"

Nilikinunua.

Nyumbani baba aliniona nakitumia. "Kisu cha mfukoni ni cha mwanaume," akasema. "Wanawake hukata uzi kwa meno. Kesho ukirudishe."

Nyanya alikuwa kando yangu, naye akisuka. Meno yake ya mbele yalichongwa zamani, yakawa makali kama msumari. Akiuma uzi, umekatika. Yangu yalikuwa bapa. Niliuma uzi mpaka ufizi ukatoka damu.

Sijui ile sauti niliitoa wapi. "Basi baba, nichonge meno kama ya nyanya."

Nyanya alicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. "Kesho, nimesema."

Asubuhi niliketi mlangoni na kiondo changu, mahali ambapo lazima baba apite. Alipotokea nilifungua kisu, nikakata nyuzi zote zilizobaki, moja moja, bila haraka. Nikakifunga, ta! Nikakitia mfukoni mwa sketi, nikashika njia ya mtoni. Zombe iko upande ule mwingine.