Boti Yenye Ncha Mbili

Wabwire wa Lunyo alikuwa mtu wa injini, na alipenda ulijue hilo kabla hujajua jina lake. Enzi zake, boti yake ikikaribia mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hakuhitaji kupiga kelele watu wampishe. Ule mngurumo ulimtangulia, na wanawake wanunuzi wa samaki wakaanza kukunja leso zao waingie majini. Wenye matanga aliwapita akiwapungia mkono, na tusifichane, kupunga kule kulikuwa na majivuno ndani yake. Sasa hana injini wala boti, na wale wale aliowapungia ndio anaowavutia nyavu. Mtu mzima mwenye mvi anaambiwa "Mzee, changamka" na mwenye boti aliyezaliwa yeye akiwa ameshaoa. Analipwa samaki wachache, anawafunga kwa ukindu, anakwenda nyumbani.

Yaliyompata yanajulikana Lunyo nzima. Mwanawe Vincent, kifungua mimba, aliondoka na boti peke yake kwenda kuchukua samaki visiwani, mchana kweupe, ziwa limetulia kabisa. Hakurudi. Boti ilikutwa upande wa Kenya, imekwama kwenye mafunjo, haina injini, haina mtu. Skurubu za injini zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, hazikuvunjwa, na hapo ndipo Wabwire aliposhikilia. Injini ile, alisema, ina vituko vyake, bila kubembelezwa haiwaki. Wezi walioichukua wamemchukua na dereva wake. Yuko kisiwa fulani anafanyizwa kazi, na ipo siku atawatoroka.

Watu walitafuta mpaka wakachoka, na boti ile ikauzwa kugharamia msako. Kwa Wasamia wa huko, mtu akipotea majini asionekane, ndugu hukata mgomba wakauzika badala yake, watu wakalia, wakamaliza. Nerima, mkewe Wabwire, aliomba wafanye hivyo mwaka ule ule. Wabwire akawaka. Akasema atakayelia ndani ya boma lake anamwombea mwanawe kifo, na afungashe arudi kwao. Nerima akatii. Huu ni mwaka wa tatu hajalia, na mama asiyelia unamjua ukimwona. Amekonda, anasahau chumvi kwenye mboga, kanisani nyimbo zinaimbwa yeye midomo imefungwa. Mumewe aliyaona yote hayo akajitia hamnazo.

Nerima huyo huyo ndiye aliyesema wauze ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa mahari ya binti yao Nasirumbi, aliyeolewa Buhehe.

"Nunua boti ndogo ya tanga, Baba Vincent," alisema. "Injini hatuiwezi. Usizeekee kwenye nyavu za watu."

Ng'ombe akauzwa. Wabwire akaenda kwa fundi Ogwang, Mjapadhola wa Mukuju aliyehamia mwaloni na msumeno wake miaka mingi iliyopita, akaunda boti karibu nusu ya zile unazoziona pale. Ogwang alikuwa na boti mbili kuukuu zilizokuwa saizi ya mfuko wa Wabwire. Moja ilikuwa ndefu, na nyuma yake ilikatwa bapa, imepigwa ubao mnene wa kufungia injini. Ya pili ilikuwa fupi, nyembamba, ina ncha mbele na ncha nyuma, haina mahali pa injini hata ukitaka.

Wabwire hakuiangalia ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwa ile bapa, akaweka kiganja juu ya ule ubao wa nyuma, akasema, "Hii."

Ogwang alidhani mzee anatania. "Hiyo iko nzito, mzee. Nyuma yake inakokota maji. Ukiiwekea tanga itakutesa, na wewe huna vijana wa kupiga kasia."

"Nimesema hii."

Neno likaenea mwaloni, na watu wakamcheka kwa siri. Walisema ni fahari, kwamba mzee hajakubali kushuka cheo. Mimi nasema walimkosea, maana fahari ilikuwa imemtoka zamani. Nerima alipoambiwa ni boti gani mumewe anaitaka, alielewa mara moja, akaenda kuchuma mboga asije akasema neno.

Ogwang hakutaka kuuza hivi hivi. "Tujaribu zote," alisema. "Upepo wa alasiri umeanza. Mimi naogopa kukuuzia kifo, halafu mama yule anitazame vipi?"

Walianza na ile bapa. Ilisogea shingo upande tangu mwanzo. Maji yalizunguka nyuma yake, na kila walipotaka kuigeuza ilikataa, tanga likipigapiga bure. Mwisho walilikunja wakarudi kwa kasia, Wabwire akihema, jasho likimwingia machoni.

"Umeona," alisema Ogwang.

"Nimeona. Bado naitaka."

Ogwang akaweka kasia chini. "Mzee, hii boti inangojea injini. Wewe unangojea nini?"

Wabwire akasema lile ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu. "Kijana akirudi atakaa wapi? Yeye ni dereva. Nikinunua ile nyingine, ni kama nimemwondolea kiti."

Fundi akaliokota tena kasia lake. Alikuwa amemjua Vincent, alimwona akikua pale mchangani. Alisema tu, "Sijui, mzee. Twende tujaribu ile."

Ile ya ncha mbili waliisukuma wawili ikaelea kwa urahisi. Wabwire alikaa nyuma na kasia la kuongozea, Ogwang akakaa katikati akishika kamba ya tanga. Upepo ulipoingia boti ikainama kidogo, ikachapuka. Mwili wa Wabwire ukaamka. Kabla ya injini alikuwa mtu wa tanga kama wengine, yeye na mtoto wake mdogo aliyekuwa akikaa pale pale katikati na kamba mkononi, akichekacheka kila wimbi likimrushia maji. Raha ya siku zile ilimrudia. Akasahau. Kwa dakika chache yule mtu alikuwa na furaha kabisa.

Upepo ukaongezeka ghafla, boti ikalala ubavu, naye akapaza sauti kama alivyozoea: "Vincent, legeza!"

Kamba ililegezwa, boti ikasimama sawa. Ogwang hakugeuka nyuma. Aliyelegeza hakuwa Vincent, na aliyeitwa hakuitika. Miaka yote hii Wabwire alikuwa amelitaja jina lile akibishana na watu, akiwaeleza polisi, akimkaripia mkewe. Hakuwa amemwita. Sasa alikuwa amemwita kwa sauti yote, juu ya maji yale yale, na alisikia mwenyewe jinsi kulivyokuwa kimya. Akalia. Alilia mpaka wakafika mchangani, na Ogwang aliendelea kushughulika na kamba muda mrefu kuliko kamba ile ilivyohitaji.

Alipofika nyumbani alimkuta Nerima uani, anaanua mukene, wale dagaa wa ziwani, aliokuwa ameanika.

"Umechukua ipi?" aliuliza bila kumtazama.

"Ya ncha mbili."

Nerima akaacha mikono juu ya samaki. "Na injini itafungwa wapi?"

"Haifungwi popote."

 Wabwire alitafuta neno kaburi, hakulipata, akazunguka. "Mtumie Nasirumbi habari aje na watu wa Buhehe. Ndugu zangu nitawaita mimi. Ule mgomba ulio nyuma ya jiko utatosha." Kisha akasema, "Nisamehe, Mama Vincent. Nilikuzuia."

Nerima alisimama, akatoka mpaka katikati ya boma, akaweka mikono kichwani. Sauti iliyomtoka ilivuka mashamba ya mihogo mpaka barabarani. Majirani waliacha majembe wakaja mbio, mmoja mmoja, wakaingia bomani wakilia naye, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani amekufa.